Umeme Uanzie Mkononi, Ndipo Ufike Ubaoni

Maandishi ya mazungumzo kwa walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa shule za sekondari za Turkana ya Kati na Turkana Magharibi



Jua likishatua Kakuma, kazi ya umeme huanza. Katika kibanda cha mabati, mvulana wa sekondari anamsaidia mjomba wake kuchaji simu za wateja. Chaja moja imekufa. Anaikagua, anaona mahali waya ulipokatika, anaukwaruza kwa wembe, anausokota, anaufunga kwa utepe, na simu inaanza kuchaji. Mteja analipa na kwenda zake.

Kesho yake mvulana huyo huyo yuko darasani. Ubaoni kuna mchoro wa betri, balbu na rezista mbili, na swali linalomtaka atafute mkondo. Anaukodolea macho mchoro, halafu anaacha nafasi wazi kwenye daftari. Mwaka ukiisha anawaambia wenzake kwamba fizikia haimfai. Vijana wa namna hii ni wengi. Wako Kakuma, wako Kalobeyei, wako Kanamkemer na Nakwamekwi mjini Lodwar.

Mazungumzo haya yana jambo moja tu la kusema. Mwanafunzi wa Turkana hafiki darasani mtupu. Ameshika paneli ya sola, ameona betri ikifa kabla ya usiku wa manane, ameshuhudia waya ukipata moto. Somo la umeme na elektroniki likianzia pale, kanuni za ubaoni humwelezea jambo analolijua. Likianzia kwenye kanuni, mikono yake hubaki na ujuzi wa kubahatisha, na kichwa chake hubaki na maneno ya kukariri. Vitu hivyo viwili visipokutana, kijana hupoteza mtihani, na wakati mwingine familia hupoteza nyumba kwa moto.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Wale wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Katika sekondari ya juu kuna njia tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, yaani STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Mwanafunzi wa STEM anaweza kuchukua Fizikia, na miongoni mwa masomo ya kiufundi kuna somo la Umeme lenyewe.

Uchaguzi huo hufanywa na mtoto ambaye bado hajafikisha umri wa kupata kitambulisho. Akiiacha fizikia kwa sababu aliiogopa, atakuwa amefunga mlango wa uhandisi kabla hajaufikia. Mlango huo ukishafungwa, kuufungua upya ni kazi ya miaka na pesa ambazo familia nyingi za kaunti hii hazina.

Na umeme haupo mbali na watu wa hapa. Mto Turkwel unaopita Lodwar umezuiwa huko juu na bwawa lenye mitambo ya megawati 106, iliyoanza kazi mwaka wa 1991 na kupeleka umeme wake Lessos kwenye gridi ya taifa. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Huku nyuma, kwa miaka mingi mji wa Lodwar ulitegemea majenereta ya dizeli. Kakuma nako, kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, wafanyabiashara wenye jenereta huwauzia majirani umeme kwa nyaya, na siku hizi Kalobeyei kuna gridi ndogo za sola. Visima vingi vinavuta maji kwa pampu za sola. Kila mtambo kati ya hii unahitaji mtu wa kuufunga, kuupima na kuutengeneza. Swali ni iwapo mtu huyo atakuwa kijana wa hapa, au atatumwa kutoka mbali kila fyuzi inapokatika.

Betri moja, balbu moja, waya mmoja

Somo la kwanza halihitaji maabara. Mwalimu awape wanafunzi betri moja ya tochi, balbu moja ndogo ya tochi na kipande kimoja cha waya, kisha aseme: iwasheni. Asichore chochote ubaoni.

Wengi watajaribu kugusisha kitako cha balbu kwenye ncha moja ya betri na kungoja. Balbu haitawaka. Baada ya muda mmoja wao atagundua kwamba umeme lazima upate njia ya kwenda na ya kurudi: ncha moja ya betri iguse kitako cha balbu, na waya uunganishe ubavu wa balbu na ncha ya pili ya betri. Pale ambapo njia haina pengo, taa inawaka. Hiyo ndiyo saketi, na mwanafunzi ameigundua kabla ya kusikia jina lake.

Mwanafunzi asione haya akishindwa mara ya kwanza. Huko Marekani, katika filamu ya elimu ya mwaka wa 1997, wahitimu wa chuo kikuu cha MIT walipewa betri, balbu na waya siku ya kuhitimu, wakiwa bado wamevaa majoho. Baadhi yao hawakuweza kuiwasha. Walikuwa wamefaulu mitihani migumu ya umeme bila kujua kwamba balbu ina sehemu mbili za kuunganishwa. Filamu ile ilikusudiwa kuwaonyesha walimu kwamba mtu anaweza kukokotoa vizuri na bado asielewe.

Somo la pili liwe la kutabiri. Mwalimu aunganishe balbu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine, lakini kabla ya kufunga swichi aulize: ipi itang'aa zaidi? Darasani karibu kila mahali duniani, wapo watakaosema ile ya kwanza, kwa sababu "inakula" umeme kwanza na kumwachia mwenzake masalio. Waandike utabiri wao. Kisha swichi ifungwe. Balbu zote mbili zinang'aa sawa. Mita ikiwekwa kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya balbu ya pili, inasoma mkondo ule ule.

Hapo ndipo kosa kubwa la somo hili hurekebishwa. Mkondo hauliwi na balbu. Unaotoka kwenye betri ndio unaorudi. Kinachotumika ni nishati ambayo mkondo unaibeba, na nishati hiyo inageuka mwanga na joto. Mwanafunzi aliyetabiri vibaya, akaona, akajieleza, hatasahau. Yule aliyeambiwa tu ataandika jibu sahihi leo na kulikosea mwezi ujao.

Utaratibu huu unafaa kila kipindi: tabiri, fanya, pima, eleza. Dakika tano za kutabiri zinaokoa wiki mbili za kurudia.

Maji ya bomba na mwisho wa mfano wake

Mfano wa maji unaeleweka haraka hapa, kwa sababu kila mtoto amewahi kupanga foleni na mtungi. Tangi likiinuliwa juu zaidi, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Kimo hicho ni kama volteji. Kiasi cha maji kinachopita bombani kwa sekunde ni kama mkondo, unaopimwa kwa ampea. Bomba jembamba huyazuia maji. Kizuizi hicho ni kama ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kanuni ya Ohm inasema volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani, almradi hali ya waya, hasa joto lake, isibadilike. Kwa hesabu: volti 12 zikikutana na ukinzani wa omu 6, zinasukuma ampea 2.

Lakini mwalimu auseme pia mwisho wa mfano. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, umeme hausambai hewani, unasimama. Tena maji yanayochotwa hayarudi kwenye tangi, ilhali mkondo sharti urudi kwenye betri. Mfano usiowekewa mipaka huzaa makosa mapya.

Hesabu zinazotoka nyumbani

Baada ya hapo darasa liingie kwenye hesabu, na hesabu zitoke nyumbani kwa wanafunzi. Mifano mitatu inatosha kuanza nayo.

Mfano wa kwanza ni betri inayokufa mapema. Familia ina betri ndogo ya asidi ya volti 12, iliyoandikwa ampea-saa 7. Ukizidisha, unapata wati-saa 84. Betri za aina hii huharibika haraka zikikamuliwa hadi mwisho, kwa hiyo ni busara kutumia nusu tu: wati-saa 42. Nyumba ina taa tatu za wati 3 kila moja, jumla wati 9. Gawanya 42 kwa 9, unapata saa nne na nusu hivi. Sasa simu zije. Betri ya simu ya kawaida ya miliampea-saa 4,000 hubeba kama wati-saa 15. Majirani wawili wakichaji simu zao hapo, wati-saa 30 zimeondoka, bila kuhesabu zinazopotea njiani, na taa zitabakiwa na saa moja na dakika chache. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii anaweza kumwambia mama yake kwa nini anasoma gizani, na nini kifanywe. Hajahitaji kulaumu betri wala aliyeiuza.

Mfano wa pili ni taa hafifu ya nyumba ya mbali. Mtu amevuta waya mwembamba wa shaba, wa milimita 1.5 za mraba, kutoka kwenye betri hadi nyumba iliyo mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20, na ukinzani wake ni kama omu 0.23. Vifaa vya wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5. Ampea 5 mara omu 0.23 ni volti 1.15 zilizopotea kwenye waya, karibu sehemu moja ya kumi ya zote. Vifaa hivyo hivyo kwa volti 240 vingevuta robo ya ampea tu, na waya ungepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti moja. Hapo mwanafunzi anaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwa nini mfumo wa sola wa volti 12 unataka waya mnene na mfupi, na kwa nini umeme wa upepo wa Loiyangalani, unaosafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, unapitishwa kwa volteji kubwa sana.

Mfano wa tatu ni paneli na joto. Watu wengi hudhani kwamba jua kali la Lodwar ndilo rafiki wa paneli kwa kila hali. Paneli hupenda mwanga, lakini haipendi joto. Uwezo ulioandikwa nyuma yake umepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25 za selsiasi, na kwa paneli za kawaida kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya mabati ikifika nyuzi 65 imepoteza kama asilimia 16. Ile ya wati 100 inatoa wati 84 hata mbingu ikiwa nyeupe. Suluhisho halina gharama kubwa: iinuliwe kwenye vyuma au mbao ili hewa ipite chini yake, na vumbi lifutwe asubuhi kabla haijapata moto. Darasa linaweza kulijaribu jambo hili lenyewe kwa paneli mbili ndogo na mita moja.

Elektroniki si uchawi

Elektroniki huogopwa kwa sababu sehemu zake ni ndogo na majina yake ni mageni. Ianzie kwenye kitu kimoja, diodi ya mwanga, ile LED iliyo kwenye kila tochi ya siku hizi. Inapitisha mkondo upande mmoja tu. Ikigeuzwa, haiwaki. Wanafunzi waigeuze wenyewe, waone.

Kisha waulizwe: betri nne za tochi zinatoa volti 6, na LED nyekundu inahitaji volti 2 na mkondo wa miliampea 20. Ikiunganishwa moja kwa moja itaungua. Ni rezista gani itailinda? Volti 6 toa 2 ni 4. Gawanya 4 kwa ampea 0.02, unapata omu 200. Sokoni rezista ya karibu ni ya omu 220, na hiyo inafaa. Kanuni ya Ohm imetoka ubaoni na kuokoa kifaa.

Hatua inayofuata ni transista. Iko kama lango la zizi: nguvu ndogo ya mkono kwenye komeo inaruhusu kundi zima kupita. Mkondo mdogo kwenye mguu mmoja unafungulia mkondo mkubwa kati ya miguu mingine miwili. Kwa transista moja ya kawaida, rezista mbili, LED moja na kile kirezista kinachobadilika kwa mwanga, darasa linaweza kuunda taa inayojiwasha giza likiingia. Mchana ukinzani wa kirezista hicho ni mdogo, mguu wa transista hausukumwi, na taa imezimwa. Giza likiingia ukinzani unapanda, mguu unasukumwa, na taa inawaka. Taa nyingi za barabarani za sola huwaka zenyewe jioni kwa wazo hilo hilo, na mwanafunzi aliyeiunda hatapita chini yake tena bila kutazama juu.

Usalama uwe somo, usiwe tangazo

Majaribio ya wanaoanza yafanywe kwa betri za tochi. Umeme wa jenereta, wa gridi ndogo au wa Kenya Power ni wa volti 240, na hauingii mikononi mwa mwanafunzi. Vifaa vya kukata umeme vinavyowakinga watu hutengenezwa vikate mkondo unapovuja kufikia miliampea 30. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya mkondo unaowasha LED moja. Mwanafunzi akiziona tarakimu hizo mbili pamoja, hatahitaji kutishwa.

Fyuzi nayo ielezwe kwa hesabu. Jagi la umeme la wati 2,400 kwa volti 240 huvuta ampea 10, kwa hiyo plagi yake inataka fyuzi ya ampea 13. Chaja ya simu inavuta kidogo sana, na fyuzi ya ampea 3 inatosha. Anayeitoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya amemwondoa mlinzi mlangoni. Siku nyaya zitakapogusana, kitakachoungua ni waya wa ukutani, na katika safu za nyumba za mabati, mbao na turubai, moto haungoji maji yaletwe.

Liko na jambo la udongo. Waya wa ardhini umewekwa ili mkondo uliopotoka upate njia ya kushukia. Udongo mkavu wa mchanga, kama ulio sehemu kubwa ya Lodwar na Kakuma, hupitisha umeme vibaya. Chuma kilichopigiliwa tu nje ya nyumba kinaweza kuwa pambo. Lazima kipimwe na fundi.

Wanafunzi waonywe pia kuhusu vyuma chakavu wanavyopenda kufungua. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe. Televisheni ya zamani yenye kioo kinene isifunguliwe, kwa sababu hubaki na volteji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Betri ya asidi iongezwe maji yaliyosafishwa, kamwe si ya kisima, na asidi yake isiguse macho.

Na wajue kwamba sheria inamtaka anayefunga nyaya za majengo awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Kanuni za sola za mwaka wa 2012 ziliweka ngazi za mafundi za T1, T2 na T3. Ujuzi wa kibandani una njia ya kuwa cheti, lakini njia hiyo inapitia kwenye kuelewa.

Maabara isipokuwepo

Kilio cha shule nyingi ni vifaa, na ni kilio cha kweli. Hata hivyo, historia ya somo hili haikuanzia kwenye maabara za kifahari. Georg Simon Ohm, ambaye jina lake limebebwa na kanuni na na kipimo cha ukinzani, alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, na mtoto wa fundi wa kufuli. Betri za wakati wake ziliyumba, vipimo havikutulia. Akaunganisha metali mbili tofauti, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu inayoyeyuka, akapata mkondo mtulivu. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Kitabu chake cha mwaka wa 1827 hakikupokelewa vyema nyumbani, lakini mwaka wa 1841 Chama cha Kifalme cha Uingereza kilimtunuku nishani ya Copley.

Hapa Kenya, mwalimu Peter Tabichi alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, Kaunti ya Nakuru, shule ya kutwa yenye kompyuta moja. Mwaka wa 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani. Wanafunzi wake walikuwa wakipeleka kazi zao kwenye mashindano ya sayansi, na shule zenye vifaa vingi ziliachwa nyuma.

Shule ya Lodwar au Kakuma inaweza kuanza na sanduku moja: betri za tochi, balbu, nyaya za redio zilizokufa, LED za tochi zilizotupwa, sumaku ya spika mbovu, na mita moja ya dijitali. Vibao vya chaja na redio mbovu vinajaa rezista na diodi za kujifunzia. Fundi wa simu wa mtaani anaweza kualikwa saa moja kwa muhula aonyeshe anavyotafuta hitilafu, na mwalimu aeleze kanuni iliyo nyuma ya kila hatua. Siku hiyo fundi naye huondoka na jambo.

Nani anashika mita

Darasani, mara nyingi mvulana ndiye hushika mita na msichana ndiye huandika matokeo. Hakuna aliyeamuru hivyo, hutokea tu. Mwalimu aweke zamu: anayeshika mita leo, kesho aandike. Kuandika matokeo ni kazi ya heshima, lakini hakuna aliyejifunza kupima kwa kumtazama mwenzake. Msichana asiyeshika mita hata mara moja katika muhula mzima, siku ya kuchagua masomo atachagua kile alichokishika.

La pili ni lugha. Katika darasa moja la Kakuma huweza kusikika Kiturkana, Kisomali, Kiarabu, Kidinka na Kiswahili, na mtihani uko kwa Kiingereza. Mwanafunzi asipoweza kueleza kwa maneno ya Kiingereza kwa nini taa imezima, huhesabiwa kuwa hajui. Aruhusiwe kwanza kumweleza mwenzake kwa lugha waliyo nayo, kisha kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kiingereza cha mtihani. Wazo likishasimama, jina lake hujifunzwa haraka.

Kila mmoja na sehemu yake

Mwalimu anaombwa kipindi kimoja: wiki ijayo, kabla ya kuchora chochote, awape wanafunzi betri, balbu na waya. Mkuu wa shule anaombwa mita moja na sanduku moja lisilofungiwa kabatini hadi wakati wa mtihani wa vitendo.

Mzazi anaombwa kumruhusu mtoto, msichana kwa mvulana, apime betri ya nyumbani, apige hesabu yake na kusikilizwa. Mzazi hahitaji kujua fizikia. Aulize tu, "Umejuaje?"

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya kaunti. Mtoto hajui mpaka huo. Kwake ni njia moja inayotoka darasani hadi kazini. Kwa hiyo wakufunzi wa umeme wa vyuo vya ufundi, wale wa Don Bosco Kakuma na wahadhiri wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana mjini Lodwar wanafaa kujulikana kwa majina na walimu wa fizikia walio karibu nao. Mlango ubishwe kabla ya mwanafunzi kumaliza shule.

Na kwa mwanafunzi: daftari la fizikia liende nalo kibandani. Kila kifaa kinachotengenezwa, aandike kilichokuwa kibaya, alichopima, alichobadilisha na sababu. Kurasa kumi za namna hiyo zitamfaa kuliko muhtasari wa kukariri.

Mvulana wa Kakuma tayari anajua kuunganisha waya. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ule waya uliokatika ni saketi iliyo wazi, kwamba pale aliposokota vibaya pana ukinzani, kwamba ukinzani huo ndio uliofanya utepe wake uwe moto, na kwamba swali la ubaoni lilikuwa linamuuliza kuhusu chaja ile ile. Akiambiwa hivyo mapema, kabla ya siku ya kuchagua masomo, ataamua akiwa anajua anachokiacha na anachokichukua.